Rufaa dhidi ya adhabu pale utetezi ulipopungua: yanayopaswa kufahamika na wananchi wa Kibondo na Kasulu

Mtu anapotiwa hatiani katika kesi ya jinai, shauri lake linakuwa bado halijaisha. Kati ya kutiwa hatiani na kutolewa kwa adhabu ipo hatua fupi ambapo Mahakama humuuliza mshtakiwa, au wakili wake, kama zipo sababu za kuzingatiwa kabla adhabu haijatamkwa. Hatua hiyo huweza kuchukua dakika chache tu. Hata hivyo, kwa makosa mengi ndiyo inayoamua kama mtu atakwenda gerezani, atakaa humo miaka mingapi, au atatumikia adhabu yake akiwa katika jamii.

Swali linaloulizwa na familia nyingi ni hili: endapo wakili alikaa kimya katika hatua hiyo, au alisema maneno mawili na kuketi ilhali mambo ya msingi yalikuwepo, je, adhabu iliyotolewa inaweza kupingwa? Jibu ni ndiyo, lakini kwa njia mahususi na ndani ya muda uliowekwa na sheria.

Ngazi za Mahakama

Mashauri ya jinai katika wilaya za Kibondo na Kasulu huanzia katika Mahakama za Mwanzo, Mahakama za Wilaya au Mahakama Kuu, kwa kutegemea aina ya kosa. Makosa kama unyang'anyi wa kutumia silaha na ubakaji husikilizwa kwa kawaida na Mahakama ya Wilaya. Mauaji ya kukusudia na kuua bila kukusudia husikilizwa na Mahakama Kuu au na hakimu aliyeongezewa mamlaka kisheria.

Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo huenda Mahakama ya Wilaya. Rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya huenda Mahakama Kuu, Masjala Ndogo ya Kigoma. Kabla ya masjala hiyo kuanzishwa, mashauri ya mkoa huu yalikuwa chini ya Mahakama Kuu, Kanda ya Tabora, hivyo nyaraka za mashauri ya zamani zinaweza kuwa na kumbukumbu za Tabora. Kutoka Mahakama Kuu, rufaa huenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Kazi ya wakili katika hatua ya adhabu

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inairuhusu Mahakama kupokea ushahidi inaoona unafaa ili iweze kujua adhabu inayostahili. Kwa hiyo utetezi wa kupunguziwa adhabu una upana kuliko ombi la huruma. Wakili anaweza kuwasilisha nyaraka, kuita shahidi, au kuiomba Mahakama ipate taarifa ya ofisa wa huduma za uangalizi kuhusu mazingira ya mshtakiwa.

Mambo yanayozingatiwa mara kwa mara ni pamoja na umri, afya, kuwa mkosaji wa mara ya kwanza, kukiri kosa mapema, muda uliokwishatumika mahabusu, kiwango cha ushiriki katika kosa, uchokozi uliotangulia, fidia au suluhu na familia iliyoathirika, na wategemezi. Mwongozo wa utoaji adhabu kwa maofisa wa Mahakama uliotolewa mwaka 2019 uliyaweka mambo haya katika mpangilio. Kwa kosa la kuua bila kukusudia, kwa mfano, mwongozo huo uligawa uzito wa kosa katika ngazi tatu: ngazi ya juu ni kuanzia miaka 10 hadi kifungo cha maisha, ya kati ni miaka 4 hadi 10, na ya chini ni kuanzia kuachiwa kwa masharti hadi miaka 4. Mshtakiwa anayekiri kosa katika fursa ya kwanza anaweza kupunguziwa hadi theluthi moja ya adhabu.

Tofauti kati ya ngazi hizo hutokana na maelezo yanayoifikia Mahakama. Wakili asiyesema kwamba mteja wake alichokozwa, kwamba alimpeleka majeruhi hospitali, au kwamba amekaa mahabusu miaka mitatu, huiachia Mahakama picha pungufu.

Yapo pia makosa ambayo sheria imeweka kiwango cha chini cha adhabu. Unyang'anyi wa kutumia silaha, chini ya kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, una adhabu isiyopungua miaka 30. Katika makosa hayo utetezi wa kawaida hauwezi kuishusha adhabu chini ya kiwango hicho. Lakini hata hapo, jambo moja lisilosemwa linaweza kubadilisha kila kitu, na jambo hilo ni umri.

Chukua mfano wa kufikirika wa kijana wa Mabamba, wilayani Kibondo, aliyetiwa hatiani kwa ubakaji. Kwa mtu mzima, adhabu ya chini ni miaka 30. Lakini kifungu cha 131 cha Kanuni ya Adhabu kinaelekeza kwamba mvulana mwenye umri wa miaka 18 au chini ya hapo, akiwa mkosaji wa mara ya kwanza, apewe adhabu ya viboko pekee. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 119, inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Endapo hati ya mashtaka iliandika miaka 19, na wakili hakuuliza cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki wala kumbukumbu za shule, kijana huyo anaweza kujikuta akitumikia miaka 30 ambayo sheria haikuiruhusu.

Haki ya kuwa na wakili

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa. Kifungu cha 310 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinatambua haki ya mshtakiwa kutetewa na wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya mwaka 2017, katika kifungu cha 33, inaelekeza kwamba pale Jaji au Hakimu anapoona kuwa maslahi ya haki yanahitaji mshtakiwa asiye na uwezo apate msaada wa kisheria, atathibitisha hivyo ili msaada huo utolewe. Msaada huo unahusu utetezi na pia rufaa.

Katika mashauri ya mauaji na kuua bila kukusudia mbele ya Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na uwezo hupangiwa wakili na Mahakama. Wakili huyo anawajibika kwa mteja wake kama angelipwa na mteja mwenyewe. Kupangiwa wakili si fadhila, na mshtakiwa ana haki ya kuzungumza naye, kumpa majina ya mashahidi na kuieleza Mahakama mapema endapo hajapata nafasi ya kuonana naye.

Katika Mkoa wa Kigoma suala la lugha linahitaji uangalifu wa pekee. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya Mahakama kwa mujibu wa sheria, lakini wapo washtakiwa wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kiha. Aidha, wapo wakimbizi wa Kongo na Burundi waliohifadhiwa Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo. Mshtakiwa asiyeielewa lugha inayotumika ana haki ya kupata mkalimani, na haki hiyo haikomi pale hukumu inaposomwa. Inaendelea hadi adhabu itakapotolewa.

Upungufu gani unaohesabika?

Si kila kazi isiyoridhisha ya wakili huwa sababu ya kubadilisha adhabu. Wakili anaweza kuchagua kutosema jambo fulani kwa sababu lingeweza kumdhuru mteja. Uamuzi wa namna hiyo, hata kama haukuleta matokeo mazuri, kwa kawaida hauingiliwi.

Hali huwa tofauti pale ambapo wakili hakuwepo wakati wa kutolewa adhabu na Mahakama ikaendelea bila kumpa mshtakiwa nafasi ya kusema. Pale ambapo hakuzungumza na mteja wake kabisa kabla ya hatua hiyo. Pale ambapo hakueleza jambo la kisheria lililo wazi, kama vile umri au muda wa mahabusu. Au pale ambapo wakili mmoja aliwatetea washtakiwa wawili wenye maslahi yanayopingana. Katika hali hiyo ya mwisho, wakili hawezi kueleza kwamba mshtakiwa wa pili alifuata tu maelekezo ya wa kwanza bila kumuumiza wa kwanza.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haitaji utetezi hafifu katika hatua ya adhabu kama sababu inayojitegemea ya rufaa. Kwa hiyo mrufani anayeandika tu kwamba wakili wake hakumtetea vizuri anaweza kushindwa hata kama anasema kweli. Hoja hiyo inapaswa kuunganishwa na misingi ambayo Mahakama za rufaa huitumia kuingilia adhabu.

Misingi hiyo ilielezwa na Mahakama ya Rufani katika shauri la Silvanus Leonard Nguruwe dhidi ya Jamhuri, lililoripotiwa katika Tanzania Law Reports za mwaka 1981, na imefuatwa katika mashauri mengi yaliyofuata. Kwa ufupi, Mahakama ya rufaa haibadilishi adhabu kwa sababu tu yenyewe ingetoa adhabu tofauti. Hufanya hivyo endapo adhabu ni kubwa kupita kiasi kwa namna iliyo dhahiri, endapo ni ndogo kupita kiasi, endapo ilitolewa kwa kufuata msingi usio sahihi, endapo jambo la msingi halikuzingatiwa, au endapo adhabu yenyewe ni kinyume cha sheria.

Hapa ndipo upungufu wa wakili unapopata uzito wa kisheria. Mrufani anaonesha jambo la msingi ambalo halikuzingatiwa, kisha anaeleza kwamba halikuzingatiwa kwa sababu halikuwasilishwa, na kwamba lingewasilishwa adhabu ingekuwa tofauti. Kifungu cha 388 cha Sheria hiyo kinaweka kipimo cha jumla kwamba dosari katika mwenendo haiondoi uamuzi isipokuwa imesababisha haki kupotea. Sehemu ya mwisho, yaani madhara, ndiyo inayosahaulika zaidi katika sababu za rufaa zinazoandikwa bila msaada.

Kipimo kinachofanana na hicho kinatumika kwingineko. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliweka mwaka 1984, katika shauri la Strickland dhidi ya Washington, masharti mawili: kwamba kazi ya wakili ilikuwa chini ya kiwango kinachokubalika, na kwamba upo uwezekano wa kuridhisha kuwa matokeo yangekuwa tofauti. Shauri hilo lenyewe lilihusu utetezi katika hatua ya adhabu. Uamuzi huo haufungi Mahakama za Tanzania.

Muda na utaratibu

Kwa adhabu iliyotolewa na Mahakama ya Mwanzo, rufaa huwasilishwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Kwa adhabu iliyotolewa na Mahakama ya Wilaya, kifungu cha 361 kinataka mambo mawili. Kwanza, kusudio la kukata rufaa litolewe ndani ya siku 10 tangu siku ya adhabu. Pili, hati ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 45. Muda uliotumika kusubiri nakala ya mwenendo wa shauri na hukumu hauhesabiwi. Aliyechelewa anaweza kuiomba Mahakama Kuu imwongezee muda kwa kuonesha sababu za msingi.

Kwa adhabu iliyotolewa na Mahakama Kuu, kusudio la rufaa kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30.

Mfungwa halazimiki kufika mwenyewe masjala. Kifungu cha 363 kinamruhusu kukabidhi hati yake ya rufaa kwa Mkuu wa Gereza, ambaye huiwasilisha mahakamani. Kwa familia zilizo Kibondo, ambako ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Kigoma mjini, utaratibu huu huokoa nauli na muda. Ni vema mfungwa akumbuke tarehe aliyokabidhi nyaraka zake, kwa kuwa ucheleweshaji uliotokea baada ya hapo ni sababu inayoweza kuelezwa mahakamani.

Vifungu vilivyotajwa katika makala haya ni kwa namba zilizotumika kabla ya Toleo la Sheria Zilizofanyiwa Urekebu la Mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025. Katika toleo hilo baadhi ya namba zimebadilika, hivyo mrufani anashauriwa kuhakikisha namba kabla ya kuandika hati yake.

Kuthibitisha kile ambacho hakikusemwa

Ugumu mkubwa wa rufaa za aina hii ni kwamba Mahakama ya rufaa husoma kumbukumbu zilizopo, ilhali lalamiko linahusu jambo ambalo halimo katika kumbukumbu hizo. Njia ya kwanza ni kusoma mwenendo wa shauri kwa makini. Mara nyingi jambo lililosahauliwa na wakili limo katika ushahidi: shahidi alitaja uchokozi, daktari aliandika umri, au tarehe ya kukamatwa inaonesha muda wa mahabusu.

Njia ya pili ni ushahidi wa nyongeza. Kifungu cha 369 kinaipa Mahakama Kuu mamlaka ya kupokea ushahidi huo yenyewe au kuelekeza upokewe na Mahakama ya chini, kwa kutaja sababu. Cheti cha kuzaliwa, taarifa ya hospitali na kiapo cha mzazi vinaweza kuwasilishwa kwa njia hiyo.

Mrufani anayemlalamikia wakili wake anapaswa pia kufahamu kwamba mazungumzo yao ni siri inayolindwa na sheria, na kwamba wakili hawezi kueleza yaliyosemwa bila ridhaa ya mteja. Lalamiko zito dhidi ya wakili huaminika zaidi pale mteja anapotoa ridhaa hiyo ili wakili apate nafasi ya kujibu.

Mipaka ya kuzingatia

Ipo mipaka minne ambayo mrufani anapaswa kuifahamu kabla ya kuchukua hatua.

Kwanza, aliyekiri kosa katika Mahakama ya Wilaya hawezi, kwa kawaida, kupinga kutiwa hatiani. Kifungu cha 360 kinamwachia rufaa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu pekee.

Pili, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kupunguza, kubadili na hata kuongeza adhabu. Mrufani aliyepewa adhabu iliyo chini ya kiwango cha sheria anaweza kuikuta ikiongezwa.

Tatu, kwa mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Wilaya, Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, Sura ya 141, katika kifungu cha 6(7), hairuhusu ukali wa adhabu kuwa hoja mbele ya Mahakama ya Rufani. Rufaa ya pili huhusu masuala ya sheria tu. Maana yake ni kwamba kwa mfungwa wa Kasulu au Kibondo, Mahakama Kuu ya Kigoma ndiyo fursa yake ya kueleza kwamba adhabu ni kali kupita kiasi. Hoja isiyotolewa hapo ni vigumu kuifufua baadaye. Uhalali wa adhabu, kama vile kumfunga mtoto, ni suala la sheria na unaweza kuendelea kujadiliwa.

Nne, kwa kosa la mauaji ya kukusudia, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kimeweka adhabu moja, nayo ni kifo. Kwa kuwa Jaji hana uchaguzi, utetezi wa kupunguziwa adhabu hauna nafasi, na kazi ya wakili inabaki kwenye kosa lenyewe.

Maamuzi ya Kanda

Katika eneo la mpaka huu wa nne, Mahakama za ukanda huu zimetoa maamuzi yanayofaa kufahamika. Nchini Uganda, Mahakama ya Juu iliamua Januari 21, 2009, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Susan Kigula na wenzake, kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka Katiba kwa kuwa inamnyima mshtakiwa nafasi ya kueleza sababu za kupunguziwa adhabu. Nchini Kenya, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wa mwelekeo huo Desemba 14, 2017, katika shauri la Francis Muruatetu.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua Novemba 20, 2015, katika shauri la Alex Thomas, kwamba mtu asiye na uwezo anayekabiliwa na adhabu ya miaka 30 alistahili msaada wa kisheria bila malipo. Novemba 28, 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya uhai kwa kuwa inamwondolea Jaji hiari ya kupima mazingira ya kila mshtakiwa. Mahakama hiyo pia imekuwa na msimamo kwamba ubora wa utetezi ni jambo la mteja na wakili wake kimsingi, na kwamba Dola huwajibika pale inapojulishwa upungufu ulio dhahiri nayo isichukue hatua. Tanzania iliondoa mwezi Novemba 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri moja kwa moja katika Mahakama hiyo, na hatua hiyo ilianza kutumika baada ya mwaka mmoja.

Msimamo huo una funzo la vitendo. Mshtakiwa anayeona wakili wake hamtetei anapaswa kuieleza Mahakama wakati huo huo, kwa maneno mepesi, ili maelezo yake yaandikwe. Sentensi moja iliyomo katika mwenendo wa shauri ina uzito kuliko kurasa nyingi za malalamiko yaliyoandikwa miaka kadhaa baadaye.

Mahali pa kupata msaada

Malalamiko ya nidhamu dhidi ya wakili hupelekwa Kamati ya Mawakili iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Kamati hiyo inaweza kumwadhibu wakili, lakini haina mamlaka ya kubadilisha adhabu ya mfungwa. Lalamiko hilo na rufaa ni njia mbili tofauti, na kusubiri matokeo ya moja hakusimamishi muda wa nyingine.

Sheria ya Msaada wa Kisheria imeweka utaratibu wa huduma kwa wananchi wasio na uwezo, wakiwemo mahabusu na wafungwa. Wasaidizi wa kisheria walioko katika halmashauri wanaweza kueleza utaratibu na kumwelekeza mhusika kwa mtoa huduma, ingawa hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Chama cha Mawakili wa Tanganyika na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023 chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, nazo ni njia za kupata ushauri bila malipo.

Ndugu wa mtu aliyehukumiwa wanashauriwa kufanya mambo matatu mapema: kuhakikisha kusudio la rufaa linatolewa ndani ya siku 10, kuomba kwa maandishi nakala ya mwenendo wa shauri na hukumu, na kukusanya nyaraka za umri, afya na tarehe ya kukamatwa. Nyaraka hizo hupatikana nyumbani, shuleni, zahanati na kituo cha Polisi, na mara nyingi ndugu aliyeko kijijini ndiye mwenye uwezo wa kuzitafuta kuliko aliye gerezani.